Shajara ya mradi: alumini 6061 yenye chembe za kabidi ya silikoni chini ya mizigo ya kujirudia kwenye nyuzijoto 250

Machi

Mradi huu unachunguza, kwa njia ya kompyuta, namna kompositi yenye matriki ya metali, yaani metali iliyochanganywa na chembe za kitu kingine, inavyobadilika umbo inapovutwa na kugandamizwa mara kwa mara ikiwa katika joto kali. Nyenzo niliyoichagua ni aloi ya alumini 6061 iliyotiwa chembe za kabidi ya silikoni zenye ukubwa wa takribani mikroni 10, ambazo zinachukua asilimia 20 ya ujazo wote. Si nyenzo mpya. Toyota ilianza mwaka 1983 kutia nyuzinyuzi za kauri katika pistoni za alumini za injini za dizeli, na gari la Lotus Elise lililotoka mwaka 1996 lilikuwa na diski za breki za alumini na kabidi ya silikoni. Ukongwe huo ndio uliofanya niichague: tabia ya aloi ikiwa peke yake imepimwa na kuchapishwa na wengi, kwa hiyo modeli ikitoa jibu la ajabu nitaweza kujua kama ajabu hiyo imetoka kwenye chembe au kwenye vigezo vya aloi.

Swali ninalolifuata ni hili: katika kila nusu ya mzunguko wa mzigo, mzigo unabebwa na nani, aloi au chembe, na mgawanyo huo unabadilika vipi kadiri saa zinavyopita? Ripoti nyingi za uchovu wa metali huishia kwenye idadi ya mizunguko hadi kipande kuvunjika. Idadi hiyo ina manufaa kwa mbunifu wa mashine, lakini kwenye joto kali inachanganya mambo mawili yaliyo tofauti, yaani uharibifu unaoletwa na kurudiwa kwa mzigo na uharibifu unaoletwa na kupita kwa muda, na msimamo wangu tangu mwanzo ni kwamba katika nyenzo hii jambo la pili limepewa uzito mdogo kuliko linavyostahili.

Nyuzijoto 250 si namba ya kubahatisha. Aloi ya 6061 huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 582. Tukizigeuza zote mbili kuwa kelvini, tunapata 523 dhidi ya 855, uwiano wa 0.61. Metali ikishapita nusu ya joto lake la kuyeyuka, atomi zake zina uhuru wa kutosha wa kuhama, na metali hutambaa, maana yake huendelea kurefuka polepole hata kama mzigo haujaongezwa. Kabidi ya silikoni kwa joto hilohilo haina habari: inabaki ngumu na nyumbufu kama ilivyokuwa kwenye joto la kawaida. Kwa hiyo ndani ya kipande kimoja tuna kitu kinachotiririka na kitu kisichotiririka, vimefungwa pamoja kwenye mpaka usioruhusu kimoja kuteleza juu ya kingine.

Kabla ya kuweka mzigo wowote nilifanya hesabu za mkono. Moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu, ya aloi ni takribani GPa (gigapaskali) 69, na ya chembe nimeichukua kuwa GPa 420. Kanuni ya mchanganyiko inatoa GPa 139 kama dari na GPa 83 kama sakafu, pengo ambalo ni pana mno kuwa na faida. Mipaka ya kinadharia ya Hashin na Shtrikman ya mwaka 1963 inabana zaidi, na sakafu yake kwa vigezo hivi inafika GPa 93. Thamani zinazopimwa katika maabara kwa nyenzo za aina hii ziko karibu na GPa 100, na ziada hiyo ndogo inaeleweka, kwa sababu chembe halisi si duara bali zina pembe kali na hujipanga kidogo kufuata mwelekeo ambao aloi ilisukumwa ilipokuwa ikitengenezwa. Hiki ndicho kipimo cha kwanza ambacho modeli lazima ikipite: ikitoa moduli iliyo chini ya 93, wavu wa elementi, yaani vipande vidogo ambavyo kompyuta inakigawa kipande ili kukikokotoa, una kasoro.

Hesabu ya pili ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Alumini hutanuka kwa takribani sehemu 23.6 katika milioni kwa kila kelvini, ilhali kabidi ya silikoni hutanuka kwa takribani 4.5. Kipande kinapopozwa ghafla kutoka nyuzijoto 530, ambako hupashwa ili magnesi na silikoni ziyeyukie ndani ya alumini, hadi nyuzijoto 20, tofauti ya kusinyaa kati ya viwili hivi inafikia karibu asilimia 0.97. Aloi hiyo, hata ikiwa imeimarishwa kikamilifu hadi hali ya T6, hufika kikomo cha unyumbufu, ambako ikipita hairudi umbo lake, kwenye mnyumbuko (badiliko la urefu kwa urefu wa awali) wa karibu asilimia 0.4; mara tu baada ya kupozwa, ikiwa bado laini, hufika kwenye nusu ya hapo. Maana yake ni kwamba aloi iliyozunguka kila chembe imekwisha kubadilika umbo kwa kudumu kabla mtafiti hajaigusa. Kipande kinachoitwa "kipya" kinaingia kwenye mashine kikiwa na historia, aloi yake ikiwa katika hali ya kuvutwa na chembe zake zikiwa zimebanwa, huku msongamano wa dislokesheni, yaani mistari ya dosari katika mpangilio wa atomi, ukiwa mkubwa karibu na mipaka kuliko mahali pengine.

Aprili

Mwezi huu umekwenda wote kwenye sheria ya tabia ya aloi, yaani milinganyo inayosema aloi inaujibu mzigo vipi. Ninatumia Code_Aster, programu huria ya elementi finaiti iliyotengenezwa na shirika la umeme la Ufaransa, EDF, kwa sababu sheria za Chaboche za metali zinazotiririka zimo ndani yake tayari, na kwa sababu mwanafunzi asiye na leseni ya programu za bei kubwa hapati sababu ya kulalamika.

Msingi wa sheria hizo ni mlinganyo wa Armstrong na Frederick wa mwaka 1966. Katika mlinganyo huo kuna kiasi kinachoitwa mkazo wa nyuma, ambacho kinawakilisha upinzani unaojengeka ndani ya metali upande ule inakosukumwa, na ambacho hukua haraka mwanzoni na baadaye hufifia kuelekea kikomo. Mzigo unapogeuzwa, upinzani huo haupotei mara moja; unageuka kuwa msaada kwa upande mpya, na ndiyo maana metali iliyovutwa kwanza hukubali kugandamizwa kwa urahisi zaidi, jambo ambalo Johann Bauschinger alilionyesha katika karne ya 19. Chaboche aliongeza mikazo ya nyuma kadhaa yenye kasi tofauti za kukua, ili kona ya kitanzi cha mkazo na mnyumbuko, yaani mchoro unaojifunga ambao kila mzunguko wa mzigo huuchora kwenye grafu, iwe kali mwanzoni na kisha ilale taratibu kama inavyoonekana maabara. Nimeweka miwili kwa ajili ya aloi, na sehemu ya mnato inayofanya mkazo utegemee kasi ya kuvuta.

Hapo ndipo sheria ya kawaida iliponikwaza. Kulainika kwa metali kunakotokana na mizunguko huandikwa kwa desturi kama kitu kinachofuata jumla ya mnyumbuko wa kudumu: kadiri metali inavyovutwa na kurudishwa, ndivyo inavyolainika hadi ikome. Lakini nguvu ya 6061 inatoka kwenye chembe ndogo mno za magnesi na silikoni zilizojitenga ndani ya alumini, zenye umbo la sindano, na hali ya T6 hupatikana kwa kuizeesha aloi kwa saa kadhaa kwenye takribani nyuzijoto 175. Ukiipeleka nyuzijoto 250, sindano hizo hukua, hupungua idadi, na kuacha nafasi pana ambazo dislokesheni hupita bila taabu. Jambo hili hutokea hata kama kipande kimelala mezani ndani ya tanuri bila mzigo wowote. Saa inafanya kazi sawasawa na mashine, pengine kuishinda, na sheria isiyojua saa itaupachika ulaini huo wote kwenye idadi ya mizunguko.

Kwa hiyo nimeiandika sheria upya kwa kutumia MFront, zana huria ya kamisheni ya nishati ya atomiki ya Ufaransa, CEA, na kuongeza kigezo kimoja cha kuzeeka: ukubwa wa wastani wa chembe hizo ndogo, ambao kwa nadharia ya mwaka 1961 ya Lifshitz, Slyozov na Wagner hukua kiasi kwamba mchemraba wa nusu kipenyo chake unafuata muda kwa mstari ulionyooka. Msimamizi wangu aliuliza kama kigezo hicho ni cha lazima, kwa kuwa kila kigezo kinachoongezwa ni kigezo cha kupima. Nilimjibu kwa hesabu. Jaribio la mnyumbuko wa asilimia 0.4 upande wa kuvuta na 0.4 upande wa kugandamiza, kwa kasi ya mnyumbuko wa 0.001 kwa sekunde, lina mizunguko ya sekunde 16, kwa hiyo mizunguko 1000 inamalizika kwa saa nne na nusu hivi. Punguza kasi mara kumi, na mizunguko ileile 1000 inachukua saa 44. Katika jaribio la kwanza aloi imezeeka kwa muda wa asubuhi moja. Katika la pili imezeeka kwa karibu siku mbili. Kuyaweka majaribio hayo mawili kwenye grafu moja na kudai kwamba tofauti yake ni "athari ya kasi" ni kuyaonea.

Kuna jambo jingine la kuzingatia hapa, ambalo linaongeza ugumu: katika kompositi, aloi huzeeka haraka kuliko ikiwa peke yake, kwa kuwa dislokesheni zile zilizozaliwa wakati wa kupozwa hutoa mahali pa chembe ndogo kuanzia na njia za atomi kusafiria. Vigezo vya kuzeeka vilivyopimwa kwenye aloi tupu haviwezi kuhamishiwa moja kwa moja. Nimeiacha kasi ya kuzeeka iwe kubwa zaidi karibu na mipaka na kupungua kadiri tunavyojitenga nayo.

Mei

Vitanzi vya kwanza vimepatikana. Mchemraba wa modeli una chembe nyingi zilizotawanywa bila mpangilio, na nyuso zake zinazokabiliana zimefungwa kwa masharti ya kujirudia, ili mchemraba ujione kana kwamba umezungukwa na ndugu zake pande zote. Moduli imekaa juu ya sakafu ya Hashin na Shtrikman, kama inavyotakiwa. Nilijaribu pia modeli rahisi ya duara moja ndani ya silinda, inayopendwa kwa sababu inakokotolewa haraka. Inatosha kwa moduli. Kwa mnyumbuko wa kudumu haitoshi, kwa sababu haina mashingo membamba kati ya chembe mbili zilizokaribiana, na mashingo hayo ndiko mambo yote yanakotokea.

Hesabu ya mkono inaeleza kwa nini. Tukiamuru kompositi nzima inyumbuke kwa asilimia 0.4, na mkazo wa wastani ndani ya chembe ukiwa MPa (megapaskali) 200, chembe zenyewe zinanyumbuka kwa chini ya asilimia 0.05. Aloi lazima ilipe deni hilo, na wastani wake unapanda hadi karibu asilimia 0.49. Sheria ya uchovu ya Coffin na Manson, ambayo kila mmoja wao aliifikia kwa njia yake katika miaka ya 1950, inasema maisha hupungua kwa kipeo cha mnyumbuko wa kudumu. Kwa kipeo cha kawaida cha hasi 0.6, ongezeko hilo la wastani peke yake, likichukuliwa kuwa ndilo la mnyumbuko wa kudumu, linakata zaidi ya robo ya maisha. Mahali ambapo mnyumbuko umejikusanya mara tatu, kama inavyoweza kuwa ndani ya shingo, maisha ya hapo yanabaki karibu sehemu moja ya sita.

Hiki ndicho chanzo cha ubishi wa zamani kuhusu kama chembe zinaisaidia alumini au zinaidhuru. Jaribio likiendeshwa kwa mkazo uliopangwa, kompositi huishi zaidi ya aloi tupu, kwa sababu ni ngumu zaidi na mkazo uleule unaleta mnyumbuko mdogo. Jaribio likiendeshwa kwa mnyumbuko uliopangwa, kompositi hufa mapema. Pande zote mbili ziko sahihi, na mbunifu anapaswa kwanza kujua kama sehemu yake inasukumwa na nguvu, kama fimbo ya kuunganishia pistoni, au inalazimishwa na umbo, kama uso wa pistoni unaotaka kutanuka huku sehemu baridi zinazouzunguka zikiukatalia.

Umbo la vitanzi lenyewe limeleta habari njema. Kwenye joto la kawaida modeli inaonyesha tofauti kati ya upande wa kuvuta na upande wa kugandamiza, kutokana na mikazo ile iliyobaki baada ya kupozwa. Kwenye nyuzijoto 250 tofauti hiyo karibu inatoweka. Sababu yake ni rahisi: kupasha kutoka nyuzijoto 20 hadi 250 kunarudisha karibu asilimia 0.44 ya tofauti ya kusinyaa, na kilichobaki kinamalizwa na kutambaa kwa aloi katika dakika za mwanzo, kabla ya mzunguko wa kwanza kuanza.

Juni

Nimeanza kushikilia mnyumbuko kwenye kilele cha kila mzunguko kabla ya kuugeuza. Hapa ndipo swali la nani anabeba linapojibika kwa uwazi. Mara mzigo unapofika kileleni, chembe zimebeba sehemu kubwa kuliko haki ya ujazo wao. Katika dakika za kushikilia, aloi inatambaa. Mkazo wake unalegea, na kwa muda mfupi mzigo unahamia kwenye chembe. Baada ya hapo chembe nazo zinaanza kupoteza mzigo, kwa kuwa haziwezi kubeba bila aloi iliyo ngumu kiasi cha kuzikabidhi mzigo huo. Nilitarajia kulegea kwa mstari mmoja unaoshuka. Nimepata mistari miwili inayotengana kwanza na kushuka pamoja baadaye.

Kila kipimo cha mkazo kilicholegea kimegeuka kuwa mnyumbuko wa kudumu, kwa sababu urefu wa kipande haukubadilika. Mkazo ukishuka kwa MPa 30 katika nyenzo yenye moduli ya GPa 85, mnyumbuko wa karibu asilimia 0.035 umehama kutoka upande wa unyumbufu kwenda upande wa kudumu, na umehama karibu wote ndani ya mashingo. Mzunguko unaofuata unaanza na deni hilo.

Nilitaka pia kujua kama atomi zinazohama kando ya mpaka wa chembe zinaweza kuufuta mkazo wa nyuma moja kwa moja, bila msaada wa dislokesheni. Jibu linategemea ukubwa wa chembe kwa ukali: muda unaohitajika hukua kwa mchemraba wa kipenyo, kwa hiyo chembe ya mikroni 10 inahitaji muda mara 1000 wa chembe ya mikroni 1. Kwa ukubwa wa chembe zangu njia hiyo ni ya polepole mno kuhesabiwa kwenye mizunguko ya dakika chache, na nimeiondoa katika modeli. Anayefanya kazi na chembe za chini ya mikroni hawezi kuiondoa.

Julai

Mfupi, kwa kuwa kompyuta ilikuwa na shughuli kuliko mimi. Nimeendesha mizunguko ya mkazo isiyo na ulinganifu, ambapo kuvuta kunazidi kugandamiza, na kitanzi hakijifungi bali kinasogea kidogo upande wa kuvuta kila mara. Majaribio yaliyochapishwa yanaonyesha kwamba kompositi husogea kidogo kuliko aloi tupu, na kwamba kwenye joto kali kusogea huko kunaongezeka kasi ikipunguzwa au kilele kikishikiliwa. Modeli inakubali yote mawili kwa mwelekeo, ila inasogea kupita kiasi. Hilo linajulikana: mlinganyo wa Armstrong na Frederick husogeza kitanzi kupita kiasi hata kwa metali tupu, na ndiyo sababu Ohno na Wang walipendekeza mwaka 1993 kwamba mkazo wa nyuma usianze kufifia mpaka ukaribie kikomo chake. Nimechukua pendekezo lao kwa mkazo wa nyuma wa pili tu. Kuongeza vigezo zaidi ya hapo kungenipa mstari mzuri na uelewa mdogo.

Agosti

Sasa uharibifu. Kwenye joto la kawaida chembe kubwa hupasuka, kwa kuwa aloi ngumu huzikabidhi mkazo mwingi na chembe kubwa ina nafasi kubwa ya kubeba ufa tangu ilipozaliwa. Kwenye nyuzijoto 250 aloi ni laini, chembe zinapona, na hatari inahamia kwenye mpaka na kwenye mashingo, ambako aloi iliyobanwa pande zote inavutwa kila upande kwa pamoja na kufungua vitundu. Mpaka wenyewe una kisa chake tangu kiwandani: alumini iliyoyeyuka hushambulia kabidi ya silikoni na kuunda kabidi ya alumini, ambayo ni dhaifu na huharibiwa na unyevu, ndiyo maana wanaomimina kompositi hizi hupendelea aloi zenye silikoni nyingi, na 6061 huandaliwa zaidi kwa njia ya poda.

Ndani ya modeli vitundu vinafunguka kwenye nusu ya kuvuta na kufumba kwa sehemu kwenye nusu ya kugandamiza. Alama yake inaonekana kwenye kitanzi cha nje: mteremko wa kushusha mzigo baada ya kuvuta unalala kuliko ule wa baada ya kugandamiza, na tofauti hiyo inapanuka mapema zaidi kuliko mkazo wa kilele unavyoanza kuporomoka. Ningewashauri wenye mashine za kupimia waandike miteremko hiyo miwili kwa kila mzunguko, kwani data hiyo wanayo tayari na haiwagharimu chochote.

Kazi inayofuata ni kubadilisha joto pamoja na mzigo. Kati ya nyuzijoto 50 na 250, tofauti ya kutanuka kati ya aloi na chembe ni karibu asilimia 0.38, kiasi kinachokaribia mnyumbuko niliokuwa nikiulazimisha kwa mashine, na kinatokea bila nguvu yoyote ya nje. Kwa hiyo mkokotoo wa kwanza utakuwa wa kipande kisichoshikwa popote, kinachopashwa na kupozwa kwa kasi ya nyuzijoto 5 kwa sekunde, mzunguko wa sekunde 80, ili nione aloi iliyo kati ya chembe inachora kitanzi cha ukubwa gani ikiachwa peke yake. Baada ya hapo nitakishika ncha zote mbili, kibanwe kinapopata joto kama uso wa pistoni unavyobanwa, na kulinganisha kitanzi hicho na kile cha kwanza.